Sura ya 7: Laptopu Isiyowaka Mbele ya Mkaguzi

Swali hili huulizwa sana na watu wanaojiandaa kusafiri: laptopu yangu betri imekufa, inawaka tu ikichomekwa kwenye umeme, je, nitapita nayo uwanja wa ndege, au itabaki? Anayeuliza mara nyingi ni mwanafunzi anayekwenda kusoma nje, mhasibu, mwandishi au mfanyabiashara ambaye mashine yake imeshakula miaka sita au saba, na kazi zake zote zimo humo. Hajawahi kuishughulikia betri hiyo, kwa kuwa nyumbani na ofisini mashine hukaa mezani na waya wake kutwa nzima. Uwanja wa ndege ndio mahali pa kwanza panapomdai jambo ambalo hakuwahi kulihitaji: mashine iwake yenyewe, bila waya, mbele ya mtu asiyemjua.

Jibu la haraka ni kwamba kusafiri na betri iliyokufa si kosa, na katika safari nyingi laptopu ya namna hiyo itapita kwenye mkanda wa ukaguzi bila mtu kuuliza neno. Lakini katika safari nyingine, hasa zinazokwenda Marekani au zinazoanzia ama kupitia Uingereza, mkaguzi anaweza kukwambia uiwashe, na isipowaka haipandi ndege. Wengi huiona amri hiyo kuwa usumbufu mtupu, au namna ya kuwabana wenye vifaa vikuukuu. Katika sura hii nitaeleza kwa nini amri yenyewe ina mantiki na inastahili kuheshimiwa, na kwa nini mantiki hiyo hiyo inawadai wenye viwanja jambo ambalo mara nyingi hawalitimizi.

Mkaguzi anatafuta nini

Tuanze na kile anachokiona mkaguzi kwenye skrini yake. Mashine ya eksirei hupitisha miali ndani ya begi, kisha hupaka picha rangi kulingana na aina ya vitu ambavyo miali imekutana navyo. Chuma na metali nyingine huonekana kwa rangi ya bluu. Vitu vilivyoundwa kwa kemikali nyepesi, kama vyakula, karatasi, nguo na plastiki nyingi, huonekana kwa rangi ya chungwa. Vilivyo kati ya hapo huwa vya kijani. Tatizo ni kwamba vilipuzi vingi, yaani kemikali zinazotengenezea mabomu, navyo vimeundwa kwa kemikali nyepesi, kwa hiyo hujikuta katika kundi moja la rangi na mkate au sabuni. Mkaguzi analazimika kutazama umbo, unene, na vitu vilivyokaa karibu: je, kuna waya unaokwenda kwenye bonge hili la rangi ya chungwa? Kuna betri pembeni yake?

Sasa fikiria laptopu. Ndani yake mna waya, mna betri, mna sakiti, mna vipande vya plastiki, na vyote vimebanwa katika unene wa vidole viwili. Yale yanayomtia mkaguzi shaka akiyaona kwenye begi la nguo, katika laptopu ni ya kawaida kabisa. Ndiyo maana kwa miaka mingi abiria wameambiwa waitoe kwenye begi na kuilaza peke yake kwenye trei, ili kisiwepo kitu juu wala chini yake cha kuichafua picha. Mashine mpya zinazopiga picha kutoka pande zote, mfano wa zile za hospitali za kupiga picha ya kichwa, zimeanza kuondoa usumbufu huo katika baadhi ya viwanja, lakini hata nazo huonyesha umbo na uzito wa vitu. Hazionyeshi kama kitu kinafanya kazi. Betri nzima na betri iliyokufa zina umbo lilelile na uzito uleule.

Kwamba picha peke yake haitoshi, hilo si la kubuni. Mwishoni mwa Oktoba 2010, vifurushi viwili vilivyotumwa kutoka Yemen kwenda Marekani kama mizigo ya ndege vilikamatwa, kimoja Dubai na kingine katika uwanja wa East Midlands, Uingereza. Ndani yake mlikuwa na printa za ofisini, na kwenye katriji za wino mlikuwa na kilipuzi badala ya unga wa wino. Pale Uingereza, ukaguzi wa kwanza haukuona kitu. Ilibidi printa irudiwe kukaguliwa baada ya taarifa za kijasusi kusisitiza kwamba bomu limo. Wakaguzi wale walikuwa na mashine, na walikuwa wameshaambiwa watafute wapi.

Katika tukio hilo mna jambo linaloeleza amri yote ya kuwasha vifaa. Katriji iliyojazwa kilipuzi haiwezi kuchapa. Nafasi ndani ya kifaa ni ndogo, na anayetaka kuweka kitu kigeni hulazimika kwanza kutoa kilichokuwamo. Akitoa sehemu ya maana, kifaa hakifanyi tena kazi yake. Kwa hiyo mkaguzi anaposema “washa,” hapimi ubora wa laptopu yako, wala hana haja na mafaili yako. Anauliza kama vitu vinavyopaswa kuwamo ndani bado vimo. Mamlaka ya usalama wa usafiri ya Marekani, inayojulikana kwa kifupi kama TSA, inasema wazi kwamba wakaguzi wake hawasomi wala kunakili yaliyomo kwenye vifaa vya abiria. Kinachotakiwa ni skrini iwake, basi. (Maofisa wa forodha na uhamiaji ni wengine, na mamlaka yao ni mengine.)

Julai 2014

Amri hii tunaijua ilikozaliwa. Mwanzoni mwa Julai 2014, TSA ilitangaza kwamba katika baadhi ya viwanja vya nje vyenye ndege za moja kwa moja kwenda Marekani, abiria wanaweza kuambiwa wawashe simu na vifaa vyao, na kifaa kisichowaka hakitaruhusiwa ndani ya ndege. Hofu ya wakati huo ilikuwa juu ya watengeneza mabomu wa Yemen. Siku chache baadaye Uingereza ikafuata kwa maelekezo yake, na mpaka leo serikali yake inawaambia wasafiri wachaji vifaa vyao kabla ya safari, kwa kuwa kifaa kitakachoshindwa kuwaka kikitakiwa hakitapanda ndege.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki jambo hili haliko mbali. Tangu Oktoba 2018, Kenya Airways ilipoanza kuruka moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, Jomo Kenyatta nao ni uwanja ambao abiria wake hushukia Marekani bila kukaguliwa tena njiani, kwa hiyo ukaguzi wake hubeba uzito huo. Na anayetoka Dar es Salaam au Entebbe akabadilishia ndege London hukaguliwa tena palepale Heathrow. Hapo ndipo wengi hunaswa: laptopu ilitoka nyumbani na chaji tele, ikaonyesha filamu safari nzima, na inafika kwenye mkanda wa pili ikiwa imezimika kabisa. Mwenye nayo hana betri mbovu. Ana betri tupu, na mbele ya mkaguzi hali hizo mbili hazina tofauti.

*Kwa ufupi hadi hapa:* eksirei huonyesha umbo, haionyeshi utendaji. Kuwaka kwa kifaa ni ushahidi kwamba viungo vyake vimo. Betri iliyokufa haikufanyi mhalifu. Inakunyang’anya ushahidi wako wa bei rahisi kuliko wote.

“Lakini bomu linaweza kukaa kwenye mashine inayowaka”

Hili ndilo pingamizi zito kuliko yote, na halifai kupitwa juu juu. Wanaolitoa wana mfano wa karibu na nyumbani. Tarehe 2 Februari 2016, ndege ya shirika la Daallo, aina ya Airbus A321, iliruka kutoka Mogadishu kuelekea Djibouti ikiwa na watu wapatao 80. Muda mfupi baada ya kuruka, kabla haijafika kimo chake cha kusafiria, bomu lililofichwa kwenye laptopu lililipuka na kutoboa tundu ubavuni mwa ndege. Aliyelibeba alivutwa nje na kufa. Marubani wakairudisha ndege Mogadishu, ikatua, na abiria wengine wakaokoka. Al-Shabaab walidai kuhusika. Mwezi uliofuata, laptopu nyingine yenye bomu ililipuka kwenye kituo cha ukaguzi cha uwanja wa Beledweyne na kujeruhi watu.

Mpinzani atauliza: je, kuwasha kungewazuia watu hao? Kwa habari ya Mogadishu, jibu linatokana na picha za kamera za uwanja. Zilionyesha laptopu ikikabidhiwa kwa msafiri ndani ya uwanja, na aliyemkabidhi ni mtu aliyeonekana kama mfanyakazi wa hapo. Haikubebwa na abiria kupita mbele ya mkaguzi kama begi la kawaida. Baadaye mahakama ya kijeshi ya Somalia ilihukumu watu kadhaa, akiwamo aliyekuwa ofisa wa usalama wa uwanja huo. Kwa hiyo tukio hilo halithibitishi kwamba kuwasha kifaa ni kazi bure. Linathibitisha kwamba mlango wa nyuma ukiwa wazi, hakuna ukaguzi wa mlango wa mbele utakaofaa kitu, uwe wa eksirei, wa mbwa au wa kuwasha. Beledweyne ni kinyume chake: madhara yalitokea, na waliojeruhiwa wanastahili kukumbukwa, lakini bomu liliishia kwenye ukaguzi, halikufika angani.

Hata hivyo nakubali sehemu ya pingamizi. Mtu mwenye ujuzi mkubwa anaweza kutengeneza kifaa kinachowaka na bado kina hatari, na hakuna mtaalamu wa usalama anayedai kwamba skrini yenye mwanga ni hati ya utakatifu. Ukaguzi hujengwa kwa tabaka. Kuna picha ya eksirei. Kuna kijitambaa kinachofutwa kwenye kifaa na kutiwa kwenye mashine inayonusa chembe za kemikali za vilipuzi. Kuna mbwa, kuna taarifa za kijasusi, na kuna kuwasha. Kila tabaka lina tundu lake, na thamani yake ni kumlazimisha mwovu apite kwenye matundu yote kwa wakati mmoja. Kati ya tabaka hizo, kuwasha ndiko kusikohitaji mashine ya mamilioni. Kunachukua nusu dakika. Kuiacha hatua hii kwa sababu haizuii kila kitu ni kudai ukamilifu kutoka kwa kipimo kimoja ambacho hakikuwekwa kifanye kazi peke yake.

Betri yako imekufa kifo gani?

Watu husema “betri imekufa” wakimaanisha mambo manne yanayotofautiana sana, na ushauri hutegemea ni lipi.

- *Imeisha chaji.* Betri ni nzima, ila tupu. Ichomeke mapema, kwa sababu laptopu iliyokauka kabisa wakati mwingine hukaa dakika kadhaa kwenye umeme kabla haijaonyesha dalili ya uhai.
- *Imechoka.* Inashika dakika tano au kumi, halafu inazima ghafla. Hii inatosha kwa ukaguzi kama utaifikisha ikiwa imejaa na imezimwa kabisa, isiachwe kwenye usingizi inakoendelea kula chaji polepole begini.
- *Haishiki kabisa.* Mashine huwaka kwenye waya tu. Hapa chaja ndiyo tegemeo lako, tutaifikia.
- *Imevimba.* Kifuniko cha chini kimebinuka, padi ya kipanya imeinuka, au mashine haifungi sawasawa. Hii isisafiri.

Aina ya tatu ndiyo iliyoenea kwetu, na sababu yake inajulikana. Betri za laptopu za leo ni za lithiamu, metali nyepesi inayoweza kuhifadhi nishati nyingi mahali padogo. Huchakaa kwa kuchajiwa na kutumika mara mia kadhaa, lakini huchakaa haraka zaidi zikikaa zimejaa muda wote kwenye joto. Laptopu iliyochomekwa asubuhi hadi jioni katika ofisi isiyo na kiyoyozi mjini Mombasa au Tanga imewekwa katika mazingira yanayoua betri kuliko yote. Mwenyewe hajui, maana waya unamfichia. Anagundua siku umeme unapokatika, au siku ya safari.

Aina ya nne inahitaji ukali. Uvimbe ni gesi iliyojikusanya ndani ya betri iliyoharibika, na betri ya namna hiyo inaweza kushika moto ikibanwa au ikitobolewa. Kanuni za usafiri wa anga zinakataza betri zilizoharibika au zilizotangazwa na watengenezaji kuwa na hitilafu ya hatari. Hazimwonei haya mtu: mwaka 2016 simu za Samsung Galaxy Note 7 zilipigwa marufuku kwenye ndege za Marekani, na mwaka 2019 mamlaka ya anga ya nchi hiyo ikayakumbusha mashirika kutoruhusu baadhi ya MacBook Pro za inchi 15 ambazo Apple ilikuwa imeziita zirudishwe kwa kubadilishwa betri. Hapa hakuna cha kumbembeleza mkaguzi. Mpelekee fundi aitoe betri kabla ya safari.

Kwa nini usiitupie tu kwenye begi kubwa

Ushauri unaotolewa haraka ni huu: kama inaogopwa kwenye kabati la abiria, iweke kwenye mzigo unaokwenda chini ya ndege. Kisheria laptopu inaruhusiwa huko na mashirika mengi, mradi imezimwa kabisa na imefungwa vizuri isigongwe wala kujiwasha. Lakini kuruhusiwa si kupendekezwa. Tarehe 3 Septemba 2010, ndege ya mizigo ya UPS, Boeing 747, ilianguka Dubai baada ya moto kuzuka kwenye shehena iliyokuwa na betri nyingi za lithiamu. Marubani wote wawili walikufa. Betri ya lithiamu ikianza kuungua huzalisha joto linalowasha seli ya jirani, na ile ya jirani huwasha inayofuata. Ndani ya kabati la abiria mhudumu anaweza kuona moshi na kumwaga maji. Chini hakuna mtu.

Ndiyo maana betri za akiba na pawabenki haziruhusiwi kamwe kwenye mzigo wa chini. Ni lazima uende nazo mkononi. Kipimo kinachotumika ni wati-saa, yaani kiasi cha nishati ambacho betri inaweza kutunza. Hadi wati-saa 100 unaruhusiwa bila kuomba. Kati ya 100 na 160 unahitaji kibali cha shirika la ndege. Zaidi ya 160 haipandi. Kama betri yako haikuandikwa wati-saa, zidisha volti kwa ampea-saa: volti 11.1 mara ampea-saa 4.4 ni kama wati-saa 49, kiwango cha laptopu nyingi za kawaida. Na kumbuka kwamba ukiichomoa betri iliyokufa ukaiweka pembeni, inahesabiwa kuwa betri ya akiba. Ziba ncha zake za metali kwa utepe na ubaki nayo.

Kuna mvutano hapa ambao abiria hulalamikia kwa haki. Wanaoogopa bomu wanataka laptopu yako iwe na chaji na ikae mahali wanapoweza kuikagua. Wanaoogopa moto wanapenda chaji kidogo: tangu Aprili 2016, betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kama shehena hazitakiwi kuzidi asilimia 30 ya chaji. Mvutano huu ulijitokeza wazi Machi 2017, Marekani ilipokataza vifaa vyote vikubwa kuliko simu kwenye kabati za ndege zinazokwenda huko kutoka viwanja 10 vikiwamo Dubai, Abu Dhabi, Doha na Istanbul, ambako Waafrika Mashariki wengi hubadilishia ndege. Mamia ya laptopu zikashuka chini ya ndege moja, na wataalamu wa moto wakapiga kelele kwamba hatari moja imebadilishwa kwa nyingine. Kufikia Julai mwaka huohuo katazo lilikuwa limeondolewa, na mahali pake pakawekwa ukaguzi mkali zaidi wa kifaa kimoja kimoja. Kwa maoni yangu uamuzi huo wa pili ulikuwa sahihi. Kuikagua laptopu kwa makini na kumwachia mwenyewe ni salama kuliko kuizika chini na wenzake mia mbili.

Chaja, soketi na deni la uwanja

Kwa mwenye mashine inayowaka kwenye waya tu, mambo yote yanarudi kwenye chaja. Iweke kwenye begi la mkononi, juu, si kwenye sanduku uliloliacha kaunta. Mwambie mkaguzi mapema, kabla hajauliza, kwamba betri haishiki na kwamba unaweza kuiwasha ukipata umeme. Na angalia plagi. Tanzania, Kenya na Uganda hutumia plagi ya pini tatu bapa, sawa na Uingereza, Dubai na Doha. Lakini Istanbul na Addis Ababa soketi ni za matundu mawili ya duara, na Marekani ni pini mbili bapa nyembamba. Adapta ya bei ya soda inaweza kuamua kama laptopu inapanda au inabaki.

Pingamizi la mwisho ni la haki. Watu husema amri hii humwadhibu maskini: mwenye laptopu mpya hupita, mwenye ya mtumba husimamishwa. Siwezi kulikana. Kubadilisha betri ni gharama, na zile bandia zilizojaa madukani mara nyingi hazifiki mwaka. Lakini jibu si kuifuta amri, kwa sababu hatari haipungui kwa kuwa mwenye mashine hana fedha. Mantiki ya amri ni kutaka kifaa kithibitishe kwamba ni kile kinachoonekana kuwa, na laptopu inayowaka kwenye waya imethibitisha karibu yote: skrini ipo, ubao wa sakiti upo, diski inasoma. Kinachobaki na shaka ni sehemu ya betri peke yake, na hiyo inaweza kufutwa kwa kijitambaa, kutazamwa upya kwenye eksirei, au kuchomolewa kama ni ya kuchomoka. Mkaguzi anayeikataa mashine kama hiyo bila kuipa nafasi ya umeme ameishika herufi ya amri na kuiacha sababu yake.

Kwa hiyo kila kituo cha ukaguzi kinachowaambia watu wawashe vifaa vyao kinapaswa kuwa na meza yenye umeme, soketi inayopokea plagi za aina zote, na muda wa dakika kumi kwa abiria ambaye mashine yake inachelewa kuamka. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na mashine moja ya eksirei. Mamlaka za viwanja vyetu zinaweza kuweka meza hiyo hata mwaka huu, na mashirika yanayotuma ujumbe wa kukumbusha safari yanaweza kuongeza mstari mmoja tu: chaji vifaa vyako, na chaja yako uwe nayo mkononi.